Bana Matumizi, Usimbane Mtoto

Sisi tuliokulia Kyela neno "mazingira" tulilikuta shuleni, ubaoni, limeandikwa kwa chaki. Kubana matumizi hatukufundishwa na mtu. Tulizaliwa tukakukuta ndani ya nyumba, kama moshi wa jikoni. Kanga ya mama ikichuja rangi ilikuwa mbeleko. Mbeleko ikichanika ilikuwa nepi. Nepi ikichoka ilikuwa tambara la kuipulia sufuria, na tambara likiisha kabisa liliwashia moto. Hakuna aliyesimama kusema hapo pana busara. Ulikuwa umaskini tu, na umaskini haupigiwi makofi.

Leo mambo yamegeuka. Wapo wasomi wanaosema kwamba ile ndiyo njia nzuri ya kulea watoto: kutumia kidogo, kutumia tena, kutotupa hovyo. Na wapo wenzetu wa mtaani wanaosema njia hiyo ni ya washamba, na kwamba mtoto wa kisasa hafungwi kanga. Mimi nimesimama katikati ya makundi hayo mawili, tena si kwa kupenda. Nimesimama hapo na beseni la nepi mkononi.

Nijieleze kidogo, ndugu msomaji. Mimi si mtaalamu. Ni kijana niliyeishia kidato cha nne. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, na katikati ya sura moja na nyingine ninasaidiana na mama kumlea mpwa wangu. Dada yangu alimzaa hapa nyumbani, akamnyonyesha miezi sita ya mwanzo bila kumpa hata maji, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Mtoto alipofikisha miezi minane, dada akaondoka kwenda Dar es Salaam kuuza duka la mtu. Si kwamba hakumpenda mwanawe. Mpunga ule mwaka haukulipa, na wa kumtumia hela hakuwepo. Basi mtoto akabaki na bibi yake, yaani mama yangu, na mimi mjomba.

Mwezi wa kwanza tu pakazuka ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nepi.

Dada alituma hela ya kununulia nepi za kutupa, hizi tunazoziita pampasi, hata zile ambazo si za chapa ya Pampers. Mama akaipokea hela, akashukuru, akaitia kwenye pindo la kanga. Kisha akafungua sanduku, akatoa kanga sita kuukuu, akakata kila moja vipande vinne. Nepi 24. Nilizihesabu mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nazifua. Naam, mwanaume mzima, kisimani asubuhi, na wapita njia wakicheka. Mmoja aliniuliza kama hiyo ndiyo riwaya niliyokuwa nasema naiandika.

Habari zikafika Dar. Dada akapiga simu usiku.

"Mdogo wangu, hela ya pampasi si nilituma? Mbona naambiwa mtoto anafungwa matambara?"

"Dada, siyo matambara. Ni kanga. Zinafuliwa, zinachemshwa, zinapigwa pasi."

"Mimi nilifungwa kanga kwa sababu nyumba haikuwa na kitu. Nyinyi mnamfunga mwanangu kanga na hela ipo. Sasa mimi huku nimekuja kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili, usianze na mazingira, anza na swali hilo la dada. Kwa mtu aliyekulia katika uhaba, kumnunulia mtoto kitu kipya cha kutumia mara moja na kukitupa si ufujaji. Ni kusema kwamba ule uhaba umeishia kwangu, haumfiki huyu. Mhubiri yeyote wa mazingira asiyeelewa hivyo atahubiria kuta.

Mama alikuwa akisikiliza pembeni. Akasema, "Mwambie dada yako hela yake haijapotea. Iko kwenye mayai."

Na kweli ilikuwa kwenye mayai. Hebu tufanye hesabu pamoja. Pale mtaani kwetu pampasi moja nilikuwa naiona dukani kwa shilingi 500. Mtoto wa miezi minane, ukijitahidi, anatumia nne kwa siku. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa miezi kumi na miwili. Mama alichukua hela hiyo akainunulia mayai, samaki na chandarua kipya, na iliyobaki akaiweka kwa ajili ya siku ya homa. Kyela ni bonde la joto na maji, mbu wako tele, na malaria haipigi hodi. Mtoto wa hapa akikosa pampasi atalia kidogo. Akikosa chandarua, huenda ukamkosa yeye mwenyewe.

Sasa twende kwenye uchafu, maana pampasi haiishi siku unapoitupa.

Anayeijua Kyela anajua kwamba tunaishi kwenye sinia. Juu yetu kuna Rungwe na safu ya Livingstone, huku chini kuna Ziwa Nyasa. Mito inashuka: Songwe mpakani na Malawi, kisha Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Masika yakikolea, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inapiga kama ina kisasi, mito inavimba, mashamba ya mpunga yanageuka bahari. Maji ya ardhini yenyewe yako karibu. Ukichimba shimo la taka kiangazi, masika linakujibu. Yote uliyoyazika mwezi wa Oktoba unayaona yanaelea mwezi wa Aprili.

Na pampasi haielei kama jani la mgomba. Nje ina plastiki, ndani ina unga unaofyonza maji mara nyingi kuliko uzito wake wenyewe. Ikikutana na mafuriko inanenepa. Nimeziona zimekwama kwenye matete ukingoni, nyeupe, zimevimba, kama kuku waliokufa. Ukizichoma, hewa yote inanuka plastiki, na moshi huo huo unavutwa na mtoto yule yule uliyemvisha. Ukiziachia mto, zinafika ziwani. Ziwa letu lina kina cha mita 700 hivi, na lina mamia ya aina za samaki, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Mbasa, yule samaki anayemfanya mgeni aulize tena jina lake, hupanda mitoni kutaga mayai. Anapanda njia ile ile ambayo sisi tunaifanya jalala.

Msije mkadhani kanga haina gharama. Nitawaambia jambo lililonishangaza. Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa ripoti ukilinganisha nepi za kitambaa na za kutupa, tangu kutengenezwa hadi kuishia jalalani. Walikuta kwamba kwa upande wa hewa chafu zinazochangia joto la dunia, hazikupishana sana. Kwa nini? Kwa sababu kule kitambaa kinafuliwa kwa mashine yenye maji moto, halafu kinakaushwa kwa mashine nyingine ya umeme. Lakini aliyefua nyingi kwa pamoja, akazianika kwenye kamba, kisha akazitumia tena kwa mtoto wa pili, alipunguza madhara kwa kiasi cha asilimia 40. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kufua nyingi kwa mkupuo, kuanika juani, kumrithisha mdogo mtu: hao Waingereza walikuwa wanaeleza uani kwa mama yangu.

Ila na hapa kwetu kuna tabu zake, na mwandishi asiyesema tabu ni mwongo. Kwanza, nguo zilizoanikwa nje hutagiwa mayai na nzi ambaye funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto, kwa hiyo lazima zipigwe pasi. Pasi yetu ni ya mkaa, na mkaa ni mti. Tukawa tunapiga pasi mara moja baada ya siku mbili, moto ule ule uliokwisha kuivisha maharage. Pili, masika. Kuna wiki za Aprili ambapo Kyela jua linasimuliwa tu. Nepi zilikuwa zinaning'inia jikoni juu ya moshi siku mbili, zikitoka zinanuka samaki wa kukaushwa. Siku hizo tulinunua pampasi chache, za usiku na za safari, maana huwezi kupanda na mtoto gari la Mbeya, zaidi ya kilomita 100 za kupanda mlima kupitia Tukuyu, ukiwa umemfunga kanga moja. Hatukuona aibu kuzinunua. Kubana matumizi si kiapo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kanuni aliyokuwa anaifuata mama, ingawa yeye hajawahi kuitamka. Anabana vitu. Habani mtoto.

Wengi wetu tunavichanganya viwili hivi, na hasara yake ni kubwa. Chukua chakula. Uji wa mpwa wangu haukutoka kwenye kopo la dukani lenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Ulikuwa wa mchele wa Kyela, ule uliovunjika mashineni ambao huuzwa rahisi. Ndani yake mama alitia unga wa usipa aliowakausha na kuwatwanga, na juu akadondoshea mawese mekundu ya michikichi yetu wenyewe, ambayo rangi yake hiyo ndiyo chanzo cha vitamini A. Akishiba hapo anapewa ndizi. Kopo hakuna, karatasi ya kung'aa hakuna, na mtoto hakupungukiwa. Lakini yupo mwingine mtaani ambaye kubana kwake ni kumpa mtoto uji mweupe mtupu asubuhi, mchana na jioni, ili hela ibaki ya king'amuzi. Huyo hajabana matumizi. Kamkopa mtoto wake bila kumuuliza, na deni hilo mtoto atalilipa kwa mwili wake.

Chukua chandarua. Pwani yote hii ya kaskazini ya ziwa utaona vyandarua vimeunganishwa, vinakokotwa ufukweni kuvulia usipa. Mwenye navyo atakwambia hataki kupoteza kitu, kimetolewa bure, kwa nini kikae kitandani? Maneno yake yanafanana sana na ya mama yangu kuhusu kanga. Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba kile kitundu kidogo kinachomzuia mbu kinamzuia pia samaki mchanga wa juzi. Sheria inakataza uvuvi huo, na sababu yake inaonekana kwa macho: leo umekomba vifaranga, kesho huna samaki. Na usiku ule ule mtoto wa mvuvi analala wazi. Hapo kitu kimetumika tena na mtoto amebanwa mara mbili, ngozini leo na chunguni kesho.

Chukua michezo. Sisi tulicheza chandimu kwa mpira wa mifuko ya rambo iliyofungwa kamba. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wadogo zetu walilia kwamba mpira umefutwa nchini. Haukufutwa. Walirudi kwenye soksi na matambara, na wengine kwenye nyuzi za mgomba kama babu zao. Mpwa wangu ana gari la mianzi lenye magurudumu ya kandambili iliyokatika. Nilimchongea mimi. Aliivunja, akaniletea, akakaa kando kutazama ninavyoitengeneza, na safari ya tatu akaitengeneza mwenyewe. Mwanasesere wa plastiki aliyetumwa kutoka Dar alivunjika mguu siku ya nne na hakuna fundi duniani anayeweza kumtibu. Lakini nisimdharau mwanasesere huyo. Mtoto analala naye mpaka leo, na mguu wake mmoja, kwa kuwa alitoka kwa mama.

Hilo nalo ni fundisho. Kuna vitu ambavyo bei yake haipo dukani.

Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na utaratibu ambao siku hizi unasimuliwa tu. Mvulana akifika miaka kumi hivi, aliyekwisha kuchunga ng'ombe wa baba yake, aliondoka yeye na wenzake wa rika moja wakajenga vibanda vyao kando ya kijiji. Chakula waliendelea kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima. Mtafiti Monica Wilson, aliyefika Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu juu ya vijiji hivyo vya rika, Good Company, kilichotoka mwaka 1951. Sisemi turudi huko. Nani atamruhusu mtoto wa darasa la nne akajenge kibanda? Ninachokiokota hapo ni kimoja tu. Mtoto yule hakurundikiwa vitu. Alipewa ng'ombe wa kuchunga, kibanda cha kujenga na wenzake wa kula nao. Alipewa kazi ya maana na akaaminiwa nayo. Mtoto wa namna hiyo hafikirii kwamba dunia ni duka.

Kwa hiyo mpwa wangu ana kazi zake. Yeye ndiye mwenye mtungi. Mtungi wenyewe ni wa Wakisi, umefinyangwa na akina mama wa Ikombe, ukapakiwa kwenye mtumbwi hadi soko la Lyulilo pale Matema, ambako mama aliununua. Maji yaliyochemshwa yakipoa yanatiwa humo, na mtoto anahakikisha kifuniko kipo na kata imetundikwa. Mgeni akifika ndiye anayemchotea. Maji hayo ni baridi bila friji na hayaachi chupa nyuma. Lakini ukimuuliza yeye hatakwambia habari za chupa. Atakwambia, "Mtungi wangu."

Nimalizie na jambo la aibu, maana ndilo linalowashinda wengi.

Alipokaribia kuanza darasa la awali, mama alimshonea mkoba kutokana na kiroba cha mchele. Mkoba imara, mvua haipiti, umekatwa vizuri. Mtoto akauzungusha, akauangalia, akanijia nyuma ya nyumba. "Mjomba, watanicheka." Hakulia. Alitoa taarifa tu.

Sasa hapo mtu wa mazingira atasema mtoto afundishwe kujivunia kiroba. Na mtu wa pesa atasema huyo anadeka. Mama hakusema hata moja. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kiroba kitabebea mahindi, na mtoto apelekwe kwa fundi cherehani. Fundi alikuwa na vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye magauni ya harusi. Akaviunganisha vya rangi saba, akatia kamba mbili za kubebea mgongoni. Gharama ilikuwa ya ufundi na uzi tu. Siku ya kwanza shuleni watoto wenzake walimzunguka wakauliza umenunuliwa wapi.

Dada aliiona picha ya mkoba ule kwenye simu. Nilijiandaa kwa maneno. Akakaa kimya, nikasikia magari ya Dar yakipita nyuma yake. Kisha akauliza, "Kile cha zambarau, si cha gauni la harusi ya binamu?" Nikamwambia ndicho. Akasema, "Sawa, mdogo wangu. Kamependeza." Ugomvi wetu haukuisha siku hiyo, ila tangu hapo hatuulizani tena kama kitu ni kipya au kikuukuu. Tunaulizana kama mtoto yuko sawa.

Vijana wenzangu, wengi wetu tutalea kesho kama si leo, na mishahara yetu tunaijua. Mkitaka kubana, baneni. Sare ishonwe na pindo refu ili ishushwe mwaka unaofuata. Daftari liandikwe pande zote mbili. Lakini kabla hujabana chochote jiulize swali moja: ninachokibana hapa ni kitu, au ni mtoto? Yai, chandarua, dawa, usingizi na heshima yake mbele ya wenzake, hivyo usiviguse.

Zile nepi 24 zimebaki 17. Nyingine zilikwisha kwa kazi. Mama amezifua, amezichemsha, amezikunja ndani ya sanduku, kwa sababu jirani yetu anatarajia mwezi ujao na ameshaziulizia. Mumewe naye amekuja kwangu jioni, akazungukazunguka, mwishowe akauliza kwa sauti ya chini nepi zinachemshwa dakika ngapi. Nimemwambia aje asubuhi kisimani nimwonyeshe.